Wingu, Jicho na Swali la Ilhamu

Katika fikra za dini na falsafa limekuwapo kwa karne nyingi swali lisilopata jibu moja, nalo linahusu chimbuko la shairi linalozaliwa mtu anapoyatazama mawingu: je, maneno yanayomjia yametoka juu, kwa maana kwamba yameletwa na anga lenyewe au na Yule aliyeliumba, au yamechipuka ndani ya mtazamaji ambaye tayari alikuwa na huzuni yake, au shauku yake, akawa anatafuta tu mahali pa kuitua? Wanazuoni wa Kiislamu walikwisha kuirahisisha sehemu ya swali hilo kwa kutenganisha mambo mawili, yaani wahyi, ambao ni ufunuo anaoteremshiwa nabii kwa ajili ya watu, na ilhamu, ambayo ni maana inayotiwa moyoni mwa mtu bila yeye kuifikia kwa hoja wala hesabu, na ambayo haimfungi mtu mwingine yeyote. Kwa mgawanyo huo malenga si nabii na shairi lake si sheria, na Sura ya Washairi katika Qurani inaukaza mpaka huo pale inapowalaumu washairi wanaotangatanga katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda, kabla ya kuwatoa katika lawama hiyo wale walioamini na kutenda mema. Hata hivyo mgawanyo huo hauelezi ilhamu hufanyaje kazi, wala kwa nini wingu, ambalo ni mvuke uliopoa, liwe na uwezo wa kuiamsha kuliko vitu vingi vilivyo karibu zaidi na mkono wa mtu.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kitu ambacho anga humpa mshairi ni kazi ya kutazama. Wingu huonwa na kila mtu lakini halishikiki, halirudii umbo lake na halimsubiri mtu. Anayetaka kulisema kwa ukweli hana budi kuyaweka kando matakwa yake kwa muda, na ilhamu huingia katika nafasi hiyo iliyoachwa wazi. Hoja hii inapingana na imani iliyoenea sana, kwamba mshairi hufikiwa na ushairi kwa kuyaacha mawazo yake yaelee pamoja na mawingu, na kwamba ujuzi wa mambo ya hewa, pamoja na majina yake na sababu zake, huikausha chemchemi ya ushairi.

Kuelea huko kwa mawazo ni jambo la kweli na halifai kubezwa. Binadamu ana tabia ya kuona sura za vitu anavyovijua mahali ambapo sura hizo hazipo, tabia ambayo wataalamu wa saikolojia huiita paredolia, na Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji watazame madoa ya kutani na maumbo ya mawingu ili akili zao zizinduke na kubuni mambo mapya. Lakini watu wa kale walikwisha kuitambua hatari iliyomo. Katika tamthilia ya Aristophanes iitwayo Mawingu, iliyochezwa Athens mwaka 423 kabla ya Kristo, kiitikio ni kundi la mawingu yaliyo miungu wa kike, nayo hujigeuza kufuata tabia ya mtu yanayemwona chini, hata yakimwona mwoga huwa kulungu na yakimwona mwizi wa mali ya umma huwa mbwamwitu. Shakespeare naye, katika Hamlet, anamfanya mwana wa mfalme amwonyeshe mzee Polonius wingu moja na kulifananisha kwanza na ngamia, kisha na kicheche, kisha na nyangumi, na mzee huyo wa jumba la kifalme anakubali kila mara bila kusita. Katika mifano hiyo miwili wingu halimwambii mtu jambo lolote asilokuwa nalo. Mmoja hurudishiwa tabia yake, na mwingine huona kile anachotaka mkubwa wake akione.

Mfano mzito zaidi wa kusoma vibaya mawingu umo katika Sura ya Al-Ahqaf, inayoisimulia kaumu ya Adi, watu wa nabii Hud, ambao waliliona wingu likielekea kwenye mabonde yao wakafurahi kwa kuamini kwamba linawaletea mvua, kumbe ndani yake mlikuwa na upepo wa adhabu. Kosa lao, kwa upande unaohusu mjadala huu, ni kwamba haja yao ya mvua ilitangulia mbele ya macho yao. Riwaya zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinaeleza kwamba Mtume Muhammad alipoona wingu zito au upepo mkali wasiwasi ulidhihirika usoni mwake, na Bi Aisha alipomuuliza kwa nini yeye hubadilika hali ilhali watu wengine hufurahi waonapo wingu, alimjibu kwa kuitaja kaumu hiyo. Riwaya nyingine ya Muslim inasema kwamba mvua ilipomnyeshea aliifunua sehemu ya nguo yake ili maji yamguse mwilini, kwa kuwa yalikuwa yametoka punde kwa Mola wake. Riwaya hizi mbili zikiwekwa pamoja zinaonyesha namna ya kutazama ambayo mshairi yeyote angeweza kuionea wivu: wingu huachiwa uhuru wa kuwa jambo la kuogopwa, na mvua ikishafika hupokewa kwa ngozi yenyewe bila kugeuzwa kuwa mfano wa kitu kingine.

Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111, aliipa namna hiyo ya kutazama maelezo marefu katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, ambamo mlango mzima umewekwa kwa ajili ya tafakuri, yaani kuizungusha akili juu ya jambo moja mpaka litoe maana iliyokuwa imefichika. Ghazali hupanga vitu vya kutafakariwa kuanzia mwili wa binadamu mwenyewe, kupitia ardhi, wanyama na bahari, hadi hewa pamoja na mawingu, ngurumo na mvua zake, kisha mbingu na nyota, na anamwonya msomaji asidhani kwamba kuitazama mbingu ni kuinua macho na kuona rangi ya samawati na mwanga wa nyota, kwa sababu kuona kwa namna hiyo mnyama naye anakuweza. Onyo hilo lina uzito kwa sababu linatoka kwa mtu asiyetilia shaka hata kidogo kwamba anga ni ishara ya Mungu. Angeweza kuridhika na hisia ya mshangao, lakini anadai zaidi: mtazamaji achunguze jinsi maji mazito yanavyobebwa na hewa laini, jinsi matone yanavyoshuka moja moja, na kila tone linavyofikia mahali pake. Kwake yeye ibada ya macho huanza pale ambapo jumla inagawanyika kuwa mambo mahususi.

Mzozo kati ya mshangao na ujuzi ulijitokeza kwa uwazi mkubwa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19, na kisa chenyewe kinastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu ndani yake wamo mwanasayansi, mshairi na wachoraji ambao kila mmoja alilijibu swali hili kwa kazi yake. Mnamo Desemba 1802 Luke Howard, mtengenezaji dawa wa London aliyezaliwa mwaka 1772 na aliyekuwa mfuasi wa madhehebu ya Kikristo ya Wakweka, alisoma mbele ya jumuiya ndogo ya wapenda sayansi makala kuhusu mabadiliko ya mawingu, na mwaka uliofuata makala hayo yakachapishwa. Kabla yake mawingu yalikuwa yakielezwa kwa rangi au kwa kufananishwa na vitu, na wengi waliamini kwamba hayawezi kuainishwa kwa kuwa hayatulii katika umbo moja. Howard aliona kwamba mawingu hayana idadi ya maumbo lakini yana tabia chache za msingi, akazipa majina ya Kilatini ambayo mpaka leo hufundishwa shuleni: sirasi, yaani unywele, kwa mawingu mepesi ya juu yenye nyuzi, kumulasi, yaani rundo, kwa mawingu yanayojijenga kwenda juu kutoka kwenye kitako kilichonyooka, stratasi, yaani tabaka, kwa mawingu yaliyotandazwa, na nimbasi kwa wingu la mvua. Jambo la maana zaidi katika mfumo wake ni kwamba aina hizo hugeuka kutoka moja hadi nyingine, hivyo kuainisha hakukuwa kuyagandisha mawingu bali kuyafuata yanavyobadilika.

Johann Wolfgang von Goethe, aliyekuwa mshairi mashuhuri kuliko wote wa Ujerumani wakati huo, aliisoma kazi ya Howard kwa tafsiri ya Kijerumani mwaka 1815, naye alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Aliipokea kwa furaha ya mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikikosa maisha yake yote. Alianza kuandika kumbukumbu za mawingu kwa kutumia majina mapya, ikiwa ni pamoja na zile za safari yake ya Karlsbad mwaka 1820, akatunga mashairi kwa heshima ya Howard, shairi kwa kila aina ya wingu, kisha akamtafuta kupitia mtu aliyekuwa London ili apate habari za maisha yake. Howard, ambaye mwanzoni alishuku kwamba anafanyiwa mzaha, hatimaye aliandika barua ndefu ya kujieleza, na Goethe akaichapisha.

Utangulizi wa mashairi hayo una mwenendo wa mawazo unaogusa kiini cha swali la ilhamu. Goethe anaanza kwa kumtaja Kamarupa, jina la Kisanskriti linalomaanisha mwenye kuvaa umbo alitakalo, na chini ya utawala wake mawingu yanakuwa simba, tembo, ngamia anayegeuka joka, na jeshi linalosonga mbele kisha kutawanyika kwenye mwamba. Huo ndio ulimwengu wa Polonius na wa Aristophanes, na Goethe haukatai. Anaupitia wote kwa raha. Ndipo anapomleta Howard, mtu aliyekishika kwa mara ya kwanza kile kisichoshikika na kukipa jina lililo sahihi, na kutoka hapo shairi linapanda kutoka ukungu wa tabaka ulalao juu ya maji hadi nyuzi za sirasi zinazopotea katika vilele vya anga, na kupanda huko kunakuwa pia kupanda kwa roho inayotaka kuachana na uzito wake. Linalofaa kuzingatiwa ni kwamba kupanda huko kusingewezekana bila sayansi ya Howard, kwa sababu ni yeye aliyeonyesha kwamba aina hizo hukaa katika tabaka zenye mpangilio na hupokezana. Muundo wa shairi umetoka katika muundo wa anga, ambao Goethe hakuubuni; aliupata kwa kujifunza.

Caspar David Friedrich, mchoraji aliyependa sana ukungu na mbingu za jioni, alilipokea jambo hilo kwa namna tofauti kabisa. Mwaka 1816 Goethe aliomba amchoree mawingu kufuatana na aina za Howard, naye akakataa, kwa kuogopa kwamba kuyatia mawingu, ambayo ni huru, ndani ya mpango wa kuainisha kungeiangusha sanaa nzima ya kuchora mandhari. Kukataa huko kunahitaji kuheshimiwa, kwa maana kwa Friedrich mandhari yalikuwa mahali pa kusali, na alichokiogopa ni kuigeuza sala kuwa orodha. Lakini hofu yake ilichanganya mambo mawili. Orodha inaweza kuua sala pale tu mtu anapoacha kutazama baada ya kutaja jina, akaridhika kwamba amekwisha kujua, na kosa hilo ni la uvivu wa jicho, wala halihitaji Kilatini ili litendeke, kwa kuwa mtu anayesema tu kwamba mawingu ni mazuri naye ameacha kutazama. John Constable wa Uingereza alithibitisha upande wa pili kwa vitendo: mwaka 1821 na 1822, akiwa Hampstead nje kidogo ya London kwa wakati ule, alichora kwa mafuta michoro mingi ya mawingu, na nyuma ya mingi kati yake aliandika tarehe, saa na upepo ulivyokuwa ukivuma. Mtu akiitazama leo haoni ramani ya hali ya hewa. Anaona mchana mmoja usiorudi, na sababu ya kuuona ni kwamba mchoraji aliuheshimu kiasi cha kuuandikia saa yake.

Washairi wa Uingereza wa kizazi hicho walikuwa na malalamiko kama ya Friedrich. Katika karamu maarufu iliyofanyika London tarehe 28 Desemba 1817 John Keats na Charles Lamb walikubaliana kwamba Isaac Newton ameuharibu ushairi wa upinde wa mvua kwa kuuchambua hadi kwenye rangi za mwanga, na Keats akalirudia wazo hilo katika shairi lake Lamia. Inatosha kusema kwamba upinde wa mvua haujawakosa washairi tangu wakati huo.

Jina la Kamarupa ambalo Goethe aliliazima lina asili inayotoa jibu la kale zaidi kwa malalamiko hayo. Kalidasa, mshairi wa Kisanskriti ambaye wengi humweka katika karne ya 4 au ya 5, alitunga Meghaduta, yaani Wingu Mjumbe, utenzi wa kiumbe wa mbinguni aliyehamishwa mbali na mkewe, ambaye mwanzoni mwa msimu wa mvua analiona wingu limeegemea kilima na kuliomba lipeleke salamu kaskazini hadi milima ya Himalaya. Tafsiri ya Kiingereza ya utenzi huo ilichapishwa Calcutta mwaka 1813, na ndiyo iliyomfikia Goethe. Kinachostaajabisha ni kwamba karibu na mwanzo kabisa Kalidasa mwenyewe anasimama na kukiri wingu ni nini, kwamba ni mchanganyiko wa moshi, mwanga, maji na upepo, na kwamba ujumbe hubebwa na viumbe wenye uhai na viungo timamu. Kisha anaeleza kuwa mtu aliyezidiwa na mapenzi hatofautishi tena chenye uhai na kisicho nacho. Baada ya kukiri hivyo hauachi utenzi wake. Anampa mjumbe njia ya safari, mto kwa mto na mji kwa mji, kwa usahihi wa mtu aliyezifuata mvua za msimu zinavyosonga juu ya Bara Hindi. Maumivu ya yule mume yanapata nguvu yake hapo hapo, katika kujua kwamba wingu halisikii na bado kuongea nalo. Lau Kalidasa angeficha kwamba wingu ni maji na upepo, utenzi ungekuwa hekaya ya jini wa mvua, na msomaji asingeona ukubwa wa upweke uliomo.

Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili linagusa pia sanaa ya utunzi yenyewe. Shairi la kimapokeo la pwani ya Afrika Mashariki hufuata arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, ambazo Amri Abedi alizifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi: mishororo minne katika ubeti, mizani 16 katika mshororo, kina cha kati na kina cha mwisho. Mtu anaweza kudhani kwamba mtunzi aliyefungwa na hesabu hiyo na wingu lisilo na mpaka ni vitu visivyopatana. Lakini hewa yenye unyevu ikipanda hupoa, na ikifikia kiwango fulani cha ubaridi mvuke wake hushikamana na chembe za vumbi au chumvi ya bahari na kuwa matone madogo mno; kwa kuwa kiwango hicho hupatikana karibu kwa kimo kimoja katika eneo zima, mawingu ya rundo huwa na vitako vilivyonyooka kwa usawa mmoja hata kama vichwa vyake vinafura kila upande kwa namna isiyotabirika. Wingu la aina hiyo lenye ukubwa wa kilomita moja ya ujazo hubeba takribani tani 500 za maji, nayo hayaanguki kwa sababu kila tone ni dogo mno na hewa inayopanda hulihimili. Kitako kimefungwa na kanuni na kichwa kiko huru, na uhuru wa kichwa unategemea kanuni ya kitako. Malenga anayejua kwamba kina humlazimisha kutafuta neno ambalo asingelifikiria, na kwamba mara nyingi neno hilo la kulazimishwa ndilo lililo bora, anaelewa jambo hili kwa mikono yake kabla ya kuelezwa.

Wala haikuwa ajabu zamani kwa ujuzi wa anga na ushairi kukaa katika kifua kimoja. Omar Khayyam wa Nishapur alikuwa mwanahisabati na mtaalamu wa falaki, yaani elimu ya nyota na mienendo yake, aliyeshiriki katika kurekebisha kalenda ya Uajemi mwaka 1079, na ndiye anayenasibishwa na rubai zinazolilalamikia kuba la mbingu lisilojali machozi ya mtu, ingawa wataalamu hubishana ni rubai ngapi kati ya hizo alizozitunga kweli. Shaaban Robert alizileta katika Kiswahili kwa kupitia Kiingereza, na kitabu chake, Omar Khayyam kwa Kiswahili, kilitoka mwaka 1952. Kwamba mtunzi huyo, Mwislamu mcha Mungu, alijitwika kuipa sauti ya Kiswahili shaka ya mtu anayeitazama mbingu asipate jibu, ni ushahidi kwamba hakuiona shaka hiyo kuwa adui wa imani. Aliiona kuwa mojawapo ya mambo yanayoweza kumpata mtu mkweli anapotazama kwa muda mrefu.

Mtu aliyeliweka swali la ilhamu katika hali yake kali kuliko wote pengine ni Gerard Manley Hopkins, padri Mjesuiti wa Uingereza aliyefariki Dublin mwaka 1889 na ambaye mashairi yake hayakuchapishwa kwa pamoja mpaka mwaka 1918. Alipojiunga na shirika hilo mwaka 1868 aliyachoma mashairi yake ya ujana kwa kuona kwamba hayapatani na wito wake, akakaa takribani miaka 7 bila kutunga shairi la uzito. Katika miaka hiyo ya ukimya alikuwa akijaza daftari zake maelezo ya mawingu: yalivyochanika, mwelekeo wa mbavu zake, mahali ambapo kingo zilishika mwanga. Alitafuta kile alichokiita kwa neno alilolibuni mwenyewe, yaani umbo la ndani linalokifanya kitu kiwe hicho tu na si kingine, na aliamini, akimfuata mwanateolojia wa karne za kati Duns Scotus, kwamba upekee huo wa kila kitu ndio mlango ambao Mungu hufahamika kupitia kwake. Aliporudia utunzi mwishoni mwa mwaka 1875 maneno yalimtoka kwa nguvu ambayo lugha ya Kiingereza ilikuwa haijaizoea. Shairi lake moja la mwaka 1877, alilotunga huko kaskazini mwa Wales wakati wa mavuno, na ambalo kwa maelezo yake mwenyewe lilitokana na nusu saa ya furaha kuu alipokuwa akirudi peke yake kutoka kuvua samaki, linayatazama mawingu juu ya mashamba na kufikia wazo kwamba uzuri huo wote haukuwa umepungukiwa na kitu, ila alikosekana mtu wa kuuona.

Katika wazo hilo pande zote mbili za swali la mwanzo zinapata haki yake. Anga lilikuwapo na lilikuwa limekamilika, kwa hiyo mtazamaji hakuliumba. Lakini bila yeye hakuna shairi, na nusu saa ile ya furaha ilitanguliwa na miaka ya kutazama kusiko na malipo. Anayeihesabu nusu saa peke yake ataiita muujiza, na anayezihesabu daftari peke yake ataiita matokeo ya mazoezi. Hopkins, ambaye alifundishwa mazoezi ya kiroho ya Ignasi wa Loyola, asingeona sababu ya kuchagua, kwa kuwa katika mapokeo hayo neema huja kwa hiari yake yenyewe na mtu huandaa mahali pake kwa bidii. Na miaka sita baadaye, volkano ya Krakatoa ilipolipuka mwaka 1883 na kuzipaka mbingu za jioni rangi zisizo za kawaida mpaka Ulaya, mtu huyo huyo aliandika barua kwa jarida la sayansi la Nature, akizieleza rangi hizo kwa uangalifu ambao mtaalamu wa hali ya hewa asingeuonea haya.

Pwani ya Afrika Mashariki ujuzi wa anga ulikuwa riziki kabla haujawa ushairi. Nahodha alihesabu siku zake kwa kaskazi na kusi, yaani pepo mbili kuu za msimu, mvuvi aliyatofautisha mavundevunde yasiyo na madhara na utusitusi unaotangulia dhoruba, na mkulima alikingojea Kilimia, kundi la nyota linalopangia kazi za shamba. Methali isemayo dalili ya mvua ni mawingu imebeba falsafa nzima ya ishara, kwani inamfundisha mtu kulichukua wingu kwa uzito bila kulifanya kuwa mvua yenyewe. Na panapotokea ukame, waumini hutoka uwanjani kuswali swala ya kuomba mvua, ambapo watu wote hulitazama anga kwa haja isiyo na mapambo. Mshairi anayeyatazama mawingu hayo hayo kwa burudani anapaswa kulikumbuka jicho la mwenye njaa, pia la mtu ambaye nyumba yake imechukuliwa na mafuriko, si kwa sababu burudani ni dhambi, ila kwa sababu shairi lisilojua kwamba wingu linaweza kunyima na linaweza kuua limeliona nusu tu.

Upo mtihani mmoja ambao wahenga hawakuujua. John Ruskin, mhakiki wa sanaa aliyekuwa ameandika kurasa nyingi kuhusu mawingu katika kitabu chake Modern Painters, alitoa mihadhara miwili London mwezi wa Februari 1884 akidai kwamba tangu takribani mwaka 1871 limetokea wingu jipya, jeusi na lenye kutetemeka, ambalo hakuwahi kuliona katika ujana wake, na alilihusisha na moshi wa viwanda pamoja na uovu wa zama. Wengi waliona ni maneno ya mtu aliyechoka akili, na kweli akili yake ilikuwa imekwisha kuguswa na maradhi. Lakini alikuwa ameweka kumbukumbu za anga kwa zaidi ya miaka 40, na moshi wa makaa ya mawe haukuwa ndoto. Mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani, katika toleo jipya la atlasi yake ya mawingu, liliingiza rasmi jina la homojenitasi, yaani lililozalishwa na binadamu, na mistari ya ndege inayodumu angani kwa dakika 10 au zaidi sasa huhesabiwa kuwa sirasi ya aina hiyo.

Kwa mtu anayelitazama anga kwa tafakuri ya Ghazali badiliko hili si dogo. Alizoea kuinua macho ili aone kazi isiyokuwa na mkono wa mtu ndani yake, na sasa katikati ya nyuzi zilizosukwa na upepo umo uzi uliosukwa na injini, na kwa jicho lisilofundishwa nyuzi zote mbili zinang'aa kwa namna moja wakati wa magharibi. Mwanateolojia anaweza kusema kwamba barafu ya uzi ule imeganda kwa kanuni ile ile aliyoiweka Muumba, na kwamba hata tendo la binadamu halitoki nje ya uwezo wake, na jibu hilo ni sahihi katika mahali pake. Bado halimwondolei mshairi kazi ya kutofautisha, kwa kuwa uzi mmoja humwita kwenye shukrani na mwingine humwita pia kwenye hesabu ya kile ambacho watu wanakichoma na kukipeleka juu, na shairi litakaloyabeba mambo hayo mawili katika ubeti mmoja litahitaji jicho lililozoea kukaa na wingu mpaka lijue limetoka wapi.